Picha Inapoganda Baada ya Jirani Kufunga Redio ya Intaneti: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Katika vijiji na miji midogo mingi ya nchi yetu, dishi la televisheni na redio ya intaneti sasa hukaa juu ya paa moja, au juu ya mapaa mawili yanayokaribiana. Vifaa hivi viwili vinaweza kuishi pamoja bila ugomvi. Hata hivyo, picha inapoganda siku chache baada ya redio kufungwa, watu wengi hufikia uamuzi mara moja: redio ndiyo yenye kosa, na mwenye redio ndiye adui. Somo hili linaeleza namna ya kuupima uamuzi huo kabla ya kuutoa, kwa vitu vilivyomo nyumbani na bila gharama kubwa.

Tunaposema redio ya intaneti hatuna maana ya redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Tuna maana ya kifaa kinachopokea na kurusha intaneti kwa mawimbi, bila waya. Vifaa hivi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni redio inayofungwa juu ya mlingoti ikiielekea redio nyingine iliyo mbali, au inayosambaza Wi-Fi dukani na nyumbani. Aina ya pili ni ruta inayotumia laini ya simu. Tofauti baina ya aina hizi mbili ni muhimu, kama tutakavyoona.

Mfano wetu: Kasanga

Tuchukue mfano wa Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Makazi haya yako kando ya maji, na uwanda wa Ufipa umeinuka nyuma yake kwa takribani meta 1,000. Mahali palipozungukwa na miinuko ya namna hii, intaneti mara nyingi huletwa kwa redio zinazopokezana kutoka mlima hadi mlima, na televisheni hupatikana kwa dishi.

Tuseme kuna mwananchi mwenye banda la kuonyesha mpira. Jirani yake ana duka, naye amefunga redio ya intaneti ili auze huduma hiyo kwa wavuvi na wasafiri wanaosubiri meli. Wiki mbili baadaye, picha katika banda inaanza kuganda jioni. Watazamaji wanadai fedha zao. Mwenye banda anamwendea jirani na kumtaka aing'oe redio. Jirani anakataa, kwa kuwa amekopa ili kuinunua. Mmoja anaweza kupoteza riziki yake, na wote wawili wanaweza kupoteza ujirani. Mfano huu ni wa kutunga, lakini hatua tutakazowapitisha majirani hawa ni zilezile ambazo fundi makini huzifuata.

Waya wa dishi hubeba masafa gani?

Dishi hukusanya mawimbi dhaifu sana yaliyosafiri takribani kilometa 36,000 kutoka kwenye setilaiti, na kuyaelekeza kwenye kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB. Madishi madogo hupokea masafa ya kati ya megahezi 10,700 na 12,750. Masafa ya juu kiasi hicho hupotea haraka ndani ya waya, kwa hiyo kichwa cha dishi huyashusha kwanza. Yakishashushwa, husafiri ndani ya waya hadi kwenye king'amuzi yakiwa kati ya megahezi 950 na 2,150.

Hapo ndipo penye siri ya matatizo mengi. Masafa hayo ya ndani ya waya ndiyo hayohayo ambayo hewani hutumiwa na huduma nyingine, hasa simu za mkononi katika bendi za megahezi 900, 1,800 na 2,100. Waya ukiwa mzima, wavu wa chuma uliomo chini ya ganda lake huyazuia mawimbi ya nje yasiingie. Waya ukiwa hafifu, umechubuka, au kichwa chake kimelegea, mawimbi ya nje huingia na kuchanganyika na yale ya televisheni.

Masafa yaliyoshushwa hupatikana kwa kutoa. Kwa vichwa vingi vya madishi madogo, idhaa zilizo chini ya megahezi 11,700 hutolewa 9,750, na zilizo juu ya hapo hutolewa 10,600. Kwa mfano, idhaa iliyo katika megahezi 12,480 hupita ndani ya waya ikiwa megahezi 1,880. Hesabu hii iliwahi kuwasumbua watazamaji wa Ujerumani. Huko, simu za mezani zisizo na waya hutumia megahezi 1,880 hadi 1,900, na wenye madishi waliona baadhi ya idhaa zikiganda simu ilipokuwa karibu, ilhali nyingine zilibaki safi. Tatizo lilikuwa waya na viungio visivyokinga vizuri, na dawa yake ikawa kuvibadilisha.

Sasa tuzitazame redio zetu. Redio ya Wi-Fi na ya mlingoti kwa kawaida hutumia masafa ya karibu na megahezi 2,400 au ya kati ya 5,150 na 5,875. Yote hayo yako nje ya masafa yanayopita katika waya wa dishi. Kwa hiyo redio ya aina hiyo, ikiwa nzima na imefungwa mahali panapofaa, haina njia rahisi ya kuidhuru picha ya dishi dogo. Ruta ya laini ya simu ni tofauti. Inapotumia bendi ya 1,800 hurusha kati ya megahezi 1,710 na 1,785, ambayo yamo ndani ya masafa ya waya. Ruta hiyo ikiwekwa juu ya king'amuzi, karibu na kichwa cha waya kilicholegea, inaweza kuziharibu idhaa chache huku nyingine zikiendelea vizuri.

Dishi letu linatazama wapi?

Kasanga iko karibu na nyuzi 8 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo madishi yake hutazama juu sana. Dishi la setilaiti iliyoko nyuzi 36 Mashariki huinuka kiasi cha nyuzi 78, yaani karibu utosini, likielekea kaskazini na kuegemea kidogo mashariki. Dishi la setilaiti iliyoko nyuzi 7 Mashariki huinuka kiasi cha nyuzi 60, likielekea magharibi na kuegemea kaskazini, upande wa ziwa.

Mambo mawili yanatokana na hilo. Kwanza, mnara au redio iliyo mbali usawa wa ardhi haimo katika uelekeo wa dishi, na mawimbi yake hayaingii kwa mlango wa mbele. Pili, kitu kidogo kilichosimamishwa karibu, mbele na juu ya dishi, kinaweza kulizuia. Mlingoti wa redio uliofungwa mahali hapo hauhitaji kurusha wimbi lolote ili uharibu picha. Kusimama kwake kunatosha. Katika hali hiyo, kuzima redio hakusaidii kitu. Kusogeza mlingoti ndiko kunakosaidia.

Hatua tano za uchunguzi

Hatua ya kwanza: andika. Kwa siku tatu, weka daftari karibu na televisheni. Andika saa picha ilipoganda, idhaa iliyoganda, hali ya hewa, na vifaa vilivyokuwa vimewashwa. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya madishi madogo, na Ufipa hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Upepo mkali wa kusini unaovuma ziwani katika miezi ya kiangazi unaweza kulisogeza dishi ambalo nati zake zimelegea. Aidha, katika siku chache za Machi na za Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti na kuikata picha kwa dakika chache mchana, kisha hali hurejea yenyewe. Sababu hizi hazina uhusiano na redio ya jirani.

Hatua ya pili: soma vipimo viwili. Ving'amuzi vingi vina ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Vipimo vyote viwili vikiwa chini, shuku dishi lililosogea, kizuizi, waya au kichwa cha dishi. Nguvu ikiwa juu huku ubora ukiwa chini au ukipandashuka, uwezekano wa mwingiliano huongezeka, ingawa haujathibitika. Usiitegemee picha peke yake. Katika matangazo ya zamani ya analojia, ambayo nchini yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yalipodhoofika tuliona chenga zikiongezeka kidogo kidogo. Katika dijitali picha hubaki safi hadi mawimbi yafike ukingoni, kisha huganda ghafla. Kwa hiyo kasoro ya muda mrefu inaweza kuonekana kama jambo lililoanza jana.

Hatua ya tatu: zima na washa. Hili ndilo jaribio kuu, nalo linahitaji majirani wawili wanaosemezana. Mwendee jirani kwa heshima na umwombe msaada. Usimwendee kwa shutuma. Mtu mmoja akae mbele ya king'amuzi akisoma ubora wa mawimbi. Mwenye redio aichomoe kabisa kwenye umeme kwa dakika kumi, kisha aiwashe kwa dakika kumi. Rudieni mara tatu, mkiandika namba kila mara. Ni vizuri msoma vipimo asijue redio imezimwa au imewashwa, ili macho yake yasione anachokitarajia. Kuzima Wi-Fi kwenye simu hakutoshi, kwa sababu redio yenyewe huendelea kurusha. Ubora ukipanda kila redio inapozimwa na kushuka kila inapowashwa, kuna uhusiano. Ubora usipobadilika, redio haina hatia ya mwingiliano.

Hatua ya nne: pima waya. Zima king'amuzi kwanza, kwa kuwa waya wa dishi hubeba umeme mdogo wa volti 13 au 18 kwenda kwenye kichwa. Kisha fungua viungio na uvitazame. Kutu, rangi ya kijani kwenye shaba, maji, au uzi wa wavu unaogusa shaba ya katikati ni dalili za kutosha. Halafu peleka king'amuzi na televisheni karibu na dishi, uviunge kwa waya mpya mfupi. Picha ikitulia, tatizo liko katika waya wa zamani.

Hatua ya tano: fanya hesabu. Ikiwa ni idhaa chache tu zinazoganda, tafuta masafa yake katika ukurasa wa taarifa za king'amuzi na uyatoe kama tulivyoeleza. Jibu likiangukia kati ya 1,710 na 1,785, isogeze ruta ya laini mbali na king'amuzi. Likiangukia kati ya 935 na 960, au kati ya 1,805 na 1,880, mawimbi ya mnara wa simu huenda yanaingia kwenye waya wako. Mnara una kibali cha kurusha katika masafa hayo, kwa hiyo cha kurekebishwa ni waya.

Majirani wetu waligundua nini?

Katika mfano wetu, daftari lilionyesha kwamba picha iliganda jioni, katika idhaa zote, na zaidi baada ya mvua. Redio ilizimwa na kuwashwa mara tatu, ubora haukubadilika. Waya mfupi ulipounganishwa, picha ilitulia. Ndipo ilipobainika kwamba fundi aliyepanda kufunga redio alikanyaga waya wa dishi kwenye bati na kulichana ganda lake, na maji yakaingia. Mwenye banda hakukosea kuona kwamba tatizo lilianza redio ilipofungwa. Alikosea kudhani kwamba mawimbi ya redio ndiyo chanzo. Kung'oa redio kungemtia jirani hasara, na picha ingeendelea kuganda. Gharama ya haki katika mfano huu ni waya mpya na viungio viwili, na ni halali kwa mwenye banda kuomba fundi aliyeuharibu waya azilipe.

Madishi makubwa yana hali yake

Wapo wanaotumia madishi makubwa yanayopokea masafa ya megahezi 3,400 hadi 4,200. Mvua haiyasumbui sana, lakini yanapakana na huduma mpya za intaneti. Mwezi Oktoba 2022 Mamlaka ilinadisha masafa ya intaneti ya kasi, yakiwemo ya bendi ya megahezi 3,500. Mtambo wa bendi hiyo ukiwa karibu, mawimbi yake huingia kwenye kichwa cha dishi kwa mlango wa mbele, na yanaweza kukielemea kichwa hicho hata idhaa nyingine zote zikapotea. Waya mpya hautasaidia hapa. Kinachosaidia ni kichujio kinachofungwa kabla ya kichwa cha dishi, au kichwa chenye kichujio ndani yake, kinachoruhusu megahezi 3,700 hadi 4,200 pekee. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba idhaa unazozitaka ziko juu ya 3,700, maana zilizo chini yake zitakatwa pia.

Namna ya kufunga vifaa viwili juu ya paa moja

1. Weka redio nyuma au kando ya dishi, isiwe mbele yake. Umbali wa meta 2 hadi 3 unafaa. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya wimbi hupungua hadi robo.

2. Tenganisha waya wa dishi na waya wa redio kwa angalau sentimeta 30. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba badala ya kulala pamoja.

3. Tumia waya wa dishi wenye wavu mzito na viungio vya kubana. Kwa redio ya nje tumia waya wa mtandao wenye kinga ya chuma.

4. Acha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondoke nje ya kiungio, na uzibe viungio vya nje kwa utepe usiopitisha maji.

5. Unganisha mlingoti na waya wa ardhini. Radi za masika ni hatari kwa nyumba kuliko mwingiliano wowote.

6. Usipande juu ya bati lililolowa, wala karibu na nyaya za umeme. Kazi ya juu ya paa ni ya fundi.

Mambo ya kuepuka

Usinunue kikuza mawimbi kwa matumaini kwamba kitaondoa mwingiliano. Kikuza mawimbi hukuza picha na uchafu kwa pamoja. Usifunge busta ya simu bila idhini. Kifaa hicho hurusha katika masafa ya simu, na kikiwa kibovu kinaweza kuvuruga mtandao wa eneo zima pamoja na madishi ya majirani. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, matumizi ya masafa yanahitaji leseni au idhini, isipokuwa bendi zilizoachwa huru kwa vifaa vyenye nguvu ndogo vilivyoidhinishwa. Zaidi ya yote, usikate waya wa mtu wala kugeuza redio yake. Hata kama una haki, utakuwa umeipoteza kwa mkono wako mwenyewe.

Lini ulete malalamiko?

Ukimaliza hatua zote tano na jaribio la kuzima na kuwasha likaonyesha uhusiano usiokatika, anza na mtoa huduma wa intaneti na wa televisheni. Wape nakala ya daftari lako, na uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, wasilisha suala hilo kwa Mamlaka. Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, ofisi yetu ya kanda iko Mbeya. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kutetea maslahi ya mtumiaji. Mamlaka ina mitambo ya kufuatilia masafa inayoweza kutambua wimbi linatoka wapi. Kwa wakazi wa mpakani kama Kasanga, ambako Zambia na Kongo ziko karibu, tukibaini kuwa chanzo kiko ng'ambo tutawasiliana na mamlaka ya nchi husika kwa taratibu za Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU. Hata hivyo, mtaalamu wetu atauliza kwanza maswali yaleyale yaliyomo katika daftari lako. Daftari lililojazwa vizuri humwokoa na safari ya bure, nalo hukuokoa wewe na kusubiri kwingi.

Maswali ya kujipima

1. Idhaa iliyo katika megahezi 11,500 hupita ndani ya waya wa dishi ikiwa na masafa gani? Ni kifaa gani cha nyumbani kinachoweza kuisumbua?

2. Ubora wa mawimbi haukubadilika redio ya jirani ilipozimwa mara tatu. Ni hatua gani inayofuata?

3. Kwa nini mlingoti wa redio unaweza kuharibu picha hata redio ikiwa imezimwa?

4. Kabla ya kununua kichujio cha dishi kubwa, unapaswa kujua nini kuhusu idhaa zako?

Majibu: (1) Megahezi 1,750, yaani 11,500 kutoa 9,750; ruta ya laini ya simu inayotumia bendi ya 1,800. (2) Kupima waya na viungio. (3) Kwa sababu unaweza kuziba uelekeo wa dishi. (4) Kama ziko juu au chini ya megahezi 3,700.